Kiti cha gari cha mtoto kinachotazama nyuma

Kiti cha gari cha mtoto kinachotazama nyuma ni kiti maalumu kinachofungwa ndani ya gari ili mtoto asafiri akiwa ameelekeza uso wake upande wa nyuma wa gari na mgongo wake upande wa mbele. Watu wengi wanakifahamu kama kiti cha mtoto mchanga. Hata hivyo, viko viti vya aina hii vilivyotengenezwa kwa ajili ya watoto wakubwa zaidi, wanaotembea na kusema, hadi umri wa miaka minne na pengine zaidi. Makala hii inahusu hasa viti hivyo: sababu za kuvitumia, historia yake, kanuni zinazovihusu, na jinsi ya kumchagulia mtoto ambaye kiti cha uchanga hakimtoshi tena.

Swali la kiti kipi kifuate huwajia wazazi mtoto anapokaribia mwaka mmoja au miwili. Wengi hudhani kwamba hatua inayofuata ni kumgeuza atazame mbele kama watu wazima. Wataalamu wa usalama barabarani wa nchi nyingi hushauri tofauti: mtoto apewe kiti kikubwa zaidi, lakini aendelee kutazama nyuma.

## Kwa nini kutazama nyuma

### Mwili wa mtoto

Mtoto si mtu mzima aliyepunguzwa ukubwa. Kichwa cha mtoto anapozaliwa ni karibu robo ya urefu wa mwili wake wote, ilhali kwa mtu mzima ni sehemu moja kati ya saba au nane. Kwa hiyo shingo ya mtoto hubeba mzigo mkubwa kuliko inavyoonekana kwa macho.

Shingo yenyewe bado haijakomaa. Pingili za shingo za mtoto mdogo hazijawa mfupa mmoja mmoja mgumu. Kila pingili ina vipande vya mfupa vilivyounganishwa kwa gegedu. Vipande hivyo huungana polepole, kwa sehemu kubwa kati ya umri wa miaka mitatu na saba. Kano zinazoshika pingili nazo ni laini na hunyumbuka. Kichwa kikivutwa kwa nguvu kwenda mbele, uti wa mgongo unaweza kunyooka kupita kiasi ambacho mishipa ya fahamu iliyo ndani yake inaweza kustahimili. Jeraha la namna hiyo linaweza kuleta kifo au kupooza maisha.

Jambo hili haliondoki siku mtoto anapotimiza mwaka mmoja, wala siku anapoanza kutembea. Mtoto mnene na mwenye nguvu wa miaka miwili ana mifupa ya mtoto wa miaka miwili.

### Kani wakati wa ajali

Kanuni ya kwanza ya mwendo ya Newton inasema kwamba kitu kilicho katika mwendo huendelea na mwendo wake mpaka kani fulani ikizuie. Gari likigonga kitu kwa mbele husimama ghafla, lakini waliomo ndani huendelea kwenda mbele kwa kasi ileile mpaka wazuiwe na mkanda, kiti au dashibodi.

Hesabu rahisi inaonyesha ukubwa wa jambo hili. Kasi ya km 50 kwa saa ni sawa na mita 13.9 kwa sekunde. Gari likisimama katika muda wa sehemu moja ya kumi ya sekunde, mchapuko wa wastani ni mita 139 kwa sekunde kwa sekunde, yaani karibu mara 14 ya mvutano wa dunia. Mtoto wa kilo 15 atahitaji kani ya wastani ya newtoni 2,085 ili azuiwe, ambayo ni sawa na kubeba mzigo wa kilo 210 hivi. Hakuna mzazi anayeweza kumshika mtoto kwa mikono katika hali hiyo, hata akiwa na nguvu kiasi gani.

Mtoto anayetazama mbele huzuiwa na mikanda mabegani na kiunoni. Kiwiliwili kinasimama, lakini kichwa hakina cha kukizuia isipokuwa shingo. Kwa kichwa cha kilo 3, shingo hubeba kani ya wastani ya newtoni 417, ambayo ni kama kuning'inizwa mzigo wa kilo 42. Huo ni wastani tu. Kilele chake hupita hapo.

Mtoto anayetazama nyuma husukumwa kwenye mgongo wa kiti chake. Kichwa, shingo na mgongo husimama pamoja, na kani inatawanywa katika eneo pana. Hali hii inafanana na tofauti ya kuanguka kifudifudi huku umeshikwa mabega tu, na kuanguka chali juu ya godoro.

Ajali za kugongana kwa mbele zinatiliwa mkazo kwa sababu ndizo ambazo kwa kawaida huwa na mabadiliko makubwa zaidi ya kasi. Gari linapogongwa kwa nyuma, mara nyingi magari yote mawili yanaelekea upande mmoja, au moja limesimama na lingine limekwisha kupunguza mwendo, hivyo kani huwa ndogo.

## Historia

Viti vya watoto vya kwanza havikuwa vya usalama. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 vilitengenezwa ili mtoto atulie mahali pamoja au aweze kuona nje ya dirisha, na vingi vilining'inizwa tu kwenye kiti cha gari kwa vyuma.

Wazo la kumgeuza mtoto lilitoka Sweden. Bertil Aldman, daktari aliyekuwa baadaye profesa katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Chalmers mjini Göteborg, alivutiwa na jinsi wanaanga wa Marekani wa mradi wa Gemini walivyolala chali katika viti vilivyofuata umbo la mwili, ili kani ya kurushwa angani isambae mgongoni. Mwaka 1964 kiti cha majaribio cha mtoto kilichojengwa juu ya wazo hilo kilijaribiwa katika gari la Volvo. Mwaka 1967 Volvo ilitoa kiti cha abiria wa mbele kinachoweza kugeuzwa kutazama nyuma kwa ajili ya mtoto, na mwaka 1972 ikatoa kiti kamili cha mtoto kinachotazama nyuma.

Tangu hapo desturi ya Sweden imekuwa kumweka mtoto akitazama nyuma mpaka karibu miaka minne, kisha kumhamishia moja kwa moja katika kiti cha kuinulia, yaani kiti kinachomwinua ili mkanda wa gari umkae vizuri begani na kiunoni. Hatua ya katikati, ya kiti chenye mikanda yake kinachotazama mbele, kwa kiasi kikubwa inarukwa. Nchi jirani za Skandinavia, hasa Norway, zimefuata njia hiyohiyo. Nchi nyingine za Ulaya na Marekani ziliwageuza watoto mapema zaidi kwa miaka mingi, mara nyingi katika umri wa mwaka mmoja au hata kabla.

## Kanuni na sheria

### Umoja wa Mataifa na Ulaya

Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 44, iliyoanza kutumika mwanzoni mwa miaka ya 1980, iligawa viti kwa uzito wa mtoto. Kundi la 0+ lilikuwa la watoto hadi kilo 13, na kundi la I la kilo 9 hadi 18. Kwa kuwa kundi la I liliruhusu kutazama mbele kuanzia kilo 9, mtoto mnene wa miezi minane angeweza kugeuzwa bila kuvunja kanuni.

Kanuni namba 129, ijulikanayo pia kwa jina la i-Size, ilianza mwaka 2013. Inapima viti kwa urefu wa mtoto badala ya uzito peke yake, inataka viti vijaribiwe pia kwa kugongwa ubavuni, na inakataza mtoto kutazama mbele kabla ya kupita miezi 15. Miezi 15 ni kiwango cha chini cha sheria, si umri unaoshauriwa kumgeuza mtoto. Katika Umoja wa Ulaya viti vipya vya kanuni namba 44 viliacha kuuzwa madukani kuanzia Septemba 2024.

### Sweden

Sheria ya Sweden inataka kila mtoto aliye chini ya urefu wa sm 135 atumie kifaa maalumu cha kumlinda. Juu ya kanuni za kimataifa, nchi hiyo ina jaribio la hiari liitwalo Plus, lililoanza mwaka 2009 na kufanyika katika taasisi ya utafiti wa barabara na usafiri, VTI. Jaribio hili hupima kani inayoipata shingo ya mwanasesere wa majaribio wakati wa kugongana kwa mbele. Kipimo chake ni kikali kiasi kwamba viti vinavyofaulu ni vile vinavyotazama nyuma.

### Marekani

Marekani ina kiwango chake cha shirikisho, FMVSS 213, ambacho kimekuwepo tangu mwaka 1971. Chama cha madaktari wa watoto, American Academy of Pediatrics, kilishauri mwaka 2011 kwamba watoto watazame nyuma hadi miaka miwili. Mwaka 2018 kiliondoa umri huo na kusema mtoto aendelee kutazama nyuma kadiri iwezekanavyo, mpaka afikie kikomo cha uzito au urefu cha kiti chake. Sheria za majimbo zinatofautiana. California, kwa mfano, tangu mwaka 2017 inataka mtoto chini ya miaka miwili atazame nyuma, isipokuwa akiwa na kilo 18 au zaidi, au urefu wa sm 102 au zaidi.

## Aina za viti

* Kiti cha uchanga. Kina mkono wa kubebea na mara nyingi kikomo chake ni kilo 13. Mtoto wengi hukimaliza kwa urefu kabla ya uzito. Si kiti cha mtoto mkubwa.
* Kiti cha kugeuzwa. Kinaweza kufungwa kikitazama nyuma, na baadaye mbele. Ndicho kilichoenea zaidi Marekani. Vingi huruhusu kutazama nyuma hadi kilo 18, na vingine hadi karibu kilo 23.
* Kiti cha kuzunguka. Kinakaa juu ya kitako kinachozunguka, hivyo mzazi humgeuza mtoto mlangoni wakati wa kumpandisha na kumshusha. Ulaya vingi vya aina hii huishia sm 105 na kilo 18 au 19.
* Kiti cha kutazama nyuma pekee. Kinatoka hasa Skandinavia. Hakigeuzwi mbele kabisa. Hufungwa kwa mkanda wa gari, pamoja na kamba mbili za chini zinazokizuia kurudi nyuma na mara nyingi mguu unaokanyaga sakafu. Vingi vina kikomo cha kilo 25, na baadhi hupita hapo.

## Kuchagua kiti kwa mtoto mkubwa

### Kumpima mtoto kwanza

Umri peke yake hautoshi. Mtoto apimwe uzito na urefu kabla ya kwenda dukani. Jedwali hili linaonyesha vipimo vya kati vya ukuaji kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani.

| Umri | Wavulana | Wasichana |
|---|---|---|
| Mwaka 1 | kg 9.6, sm 76 | kg 8.9, sm 74 |
| Miaka 2 | kg 12.2, sm 87 | kg 11.5, sm 86 |
| Miaka 3 | kg 14.3, sm 96 | kg 13.9, sm 95 |
| Miaka 4 | kg 16.3, sm 103 | kg 16.1, sm 103 |
| Miaka 5 | kg 18.3, sm 110 | kg 18.2, sm 109 |

Jedwali linafundisha mambo matatu. Kwanza, mtoto wa wastani hukaribia kikomo cha kilo 13 cha kiti cha uchanga akiwa na miaka miwili na kitu. Pili, kiti cha kikomo cha kilo 18 kinamtosha mtoto wa wastani, kwa uzito, hadi karibu miaka mitano. Lakini kiti chenye kikomo cha sm 105 atakimaliza kwa urefu muda mfupi baada ya miaka minne. Tatu, si kila mtoto ni wa wastani. Mvulana aliye juu kabisa ya chati anaweza kufikisha kilo 18 akiwa na miaka mitatu tu. Huyo ndiye anayehitaji kiti cha kilo 23 au 25, kwa sababu shingo yake bado ni ya miaka mitatu.

Urefu wa kiwiliwili ni muhimu kuliko urefu wa kusimama. Watoto wawili wa sm 95 wanaweza kutofautiana: mmoja ana miguu mirefu, mwingine kiwiliwili kirefu. Wa pili atakimaliza kiti mapema. Kwa sababu hiyo inafaa mtoto akalishwe ndani ya kiti kabla ya kununua. Kwa viti vya Marekani, kipimo cha kawaida ni kwamba utosi wa mtoto uwe angalau sm 2.5 chini ya ukingo wa juu wa kiti. Viti vya Ulaya hutofautiana, na kitabu cha maelekezo cha kiti husika ndicho kinachoamua.

### Kukubaliana na gari

Kiti bora kisichokaa vizuri katika gari lako si kiti bora kwako. Mambo ya kuangalia ni haya:

* Nafasi ya mbele na nyuma. Kiti kinachotazama nyuma huchukua nafasi nyuma ya kiti cha dereva au abiria. Kwa mtoto mchanga kiti hulazwa sana, lakini mtoto mkubwa anaweza kukaa wima zaidi, na hilo hupunguza nafasi inayohitajika. Mwenye kiti cha mbele akae kama anavyokaa siku zote wakati wa kujaribu.
* Isofix. Huu ni mfumo wa vishikizo viwili vya chuma vilivyo katikati ya mgongo na kitako cha kiti cha nyuma cha gari. Marekani mfumo unaofanana nao huitwa LATCH.
* Mkanda wa pointi tatu. Viti vingi hufungwa kwa mkanda wa kiuno na bega. Mkanda wa kiuno pekee, ambao bado upo katika nafasi ya katikati ya magari ya zamani, unakubaliwa na viti vichache tu.
* Sakafu. Mguu wa kiti hautakiwi kusimama juu ya kifuniko cha kisanduku kilicho sakafuni, kwa sababu kinaweza kubonyea wakati wa ajali, isipokuwa mtengenezaji wa gari ameruhusu.

### Kikomo cha Isofix

Wazazi wa watoto wakubwa mara nyingi hawajui kwamba vishikizo vya Isofix vina kikomo chake. Chini ya kanuni namba 129, uzito wa mtoto pamoja na kiti hautakiwi kuzidi kilo 33. Kiti kikiwa na kilo 14, zinabaki kilo 19 za mtoto. Ndiyo sababu viti vizito vya kuzunguka huishia kilo 18 au 19. Marekani kikomo kinachotumika ni kilo 29.5 kwa jumla ya mtoto na kiti. Baada ya hapo kiti hufungwa kwa mkanda wa gari. Kwa hiyo mtoto mzito mara nyingi hufaa zaidi kiti cha kufungwa kwa mkanda. Kufunga kwa mkanda hakupunguzi usalama, mradi kumefanywa sawasawa.

### Kiti kilichotumika

Kiti cha mitumba kinaweza kuwa kizuri, lakini kwa masharti. Historia yake ijulikane. Kiti kilichowahi kuwa ndani ya gari lililopata ajali kubwa kinaweza kuwa na nyufa zisizoonekana. Lebo ya kanuni iwepo, sehemu zote ziwepo pamoja na kitabu cha maelekezo, na tarehe ya kutengenezwa isomeke. Plastiki huchakaa kwa jua na joto, na watengenezaji wengi hutaja miaka ya mwisho ya kukitumia. Kiti ambacho muuzaji hajui kilikotoka ni afadhali kiachwe.

## Kufunga na kutumia

Kiti kizuri kilichofungwa vibaya hupoteza sehemu kubwa ya faida yake. Hatua za msingi ni hizi:

1. Kiti kiwekwe nyuma. Kamwe kisiwekwe mbele ya mfuko wa hewa ulio hai. Mfuko huo hufumuka kwa kasi kubwa na kupiga mgongo wa kiti palepale kilipo kichwa cha mtoto.
2. Mkanda wa gari upitishwe katika njia ya kutazama nyuma, ambayo katika viti vingi imewekwa alama ya rangi ya buluu. Njia ya kutazama mbele ni nyingine.
3. Kiti kikamatwe karibu na mahali mkanda unapopita na kutikiswa. Kisicheze zaidi ya sm 2.5.
4. Mikanda ya mtoto itoke kwenye mgongo wa kiti sawa na mabega au chini yake kidogo.
5. Mikanda ikazwe mpaka vidole viwili vishindwe kufinya mkunjo begani.
6. Koti zito au blanketi visiwe kati ya mtoto na mikanda. Wakati wa baridi afungwe kwanza, kisha afunikwe.

## Mambo yanayowatia wazazi shaka

Miguu. Mtoto mkubwa hukunja miguu, huikunja kama aliyekaa mkekani, au huipandisha juu ya mgongo wa kiti cha gari. Watu wazima huona hali hiyo kama mateso, lakini watoto hukaa hivyo wenyewe wakicheza sakafuni. Majeraha ya miguu kwa watoto wanaotazama nyuma ni machache. Mtoto anayetazama mbele ndiye ambaye miguu yake hurushwa na kugonga kiti kilicho mbele yake. Tena, mguu uliovunjika huungwa. Jeraha la uti wa mgongo wa shingoni ni jambo jingine.

Kutoona. Mtoto mkubwa aliyekaa wima huona nje kupitia dirisha la pembeni na la nyuma. Viti vya kutazama nyuma vya watoto wakubwa huwa vimeinuka kwa sababu hiyo.

Kichefuchefu. Baadhi ya watoto hutapika safarini wakitazama upande wowote. Kumkalisha wima zaidi, kufungua hewa na kupunguza vitu vya kutazama karibu na macho huweza kusaidia.

Mtoto kukataa. Mtoto aliyezoea kutazama nyuma tangu kuzaliwa hana cha kulinganisha. Upinzani wa miaka miwili kwa kawaida ni wa kufungwa mikanda yenyewe, na hautaisha kwa kumgeuza.

## Utafiti

Mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, hukadiria kwamba viti vya watoto katika magari madogo hupunguza hatari ya kifo kwa asilimia 71 kwa watoto chini ya mwaka mmoja, na asilimia 54 kwa wa mwaka mmoja hadi minne. Makadirio hayo yanalinganisha kuwa na kiti na kutokuwa nacho. Hayalinganishi mbele na nyuma.

Kuhusu mbele na nyuma, utafiti uliotajwa sana ulichapishwa mwaka 2007 katika jarida la Injury Prevention. Ulidai kwamba watoto chini ya miaka miwili wanaotazama nyuma wako salama mara tano zaidi, na ushauri wa mwaka 2011 wa madaktari wa Marekani uliutegemea. Baadaye ilionekana kwamba hesabu zake za takwimu zilikuwa na kasoro, na mwaka 2018 jarida liliiondoa makala hiyo. Uchambuzi mpya wa takwimu za Marekani uliofuata uliona majeraha machache kwa wanaotazama nyuma, lakini idadi ya watoto walioumia ilikuwa ndogo mno kuthibitisha tofauti hiyo kitakwimu.

Kwa hiyo madai ya "mara tano" hayafai kurudiwa, ingawa bado yanasikika. Yaliyobaki ni ushahidi wa aina nyingine: majaribio ya maabara yanayoonyesha kani ndogo zaidi shingoni, elimu ya ukuaji wa mifupa ya mtoto, na uzoefu wa miongo mingi wa Sweden, ambako Volvo imekuwa ikichunguza ajali za magari yake tangu mwaka 1970. Ushahidi huo wote unaelekea upande mmoja. Ni vema pia kukumbuka kwamba mtoto aliyefungwa vizuri akitazama mbele yuko salama zaidi kuliko asiye na kiti kabisa.

## Afrika Mashariki

Shirika la Afya Duniani huhesabu vifaa vya kuwalinda watoto garini miongoni mwa mambo makuu matano ya tabia za barabarani yanayohitaji sheria, pamoja na mwendo kasi, ulevi, kofia ngumu na mikanda. Sheria ya Usalama Barabarani ya Tanzania ya mwaka 1973 ilitungwa wakati ambapo viti hivi vilikuwa bado vichanga hata huko vilikobuniwa, na wadau wa usalama barabarani wamekuwa wakidai sheria ivitaje waziwazi.

Magari mengi ya binafsi katika Tanzania, Kenya na Uganda yaliagizwa yakiwa yametumika Japani. Nchi hiyo imelazimisha viti kwa watoto chini ya miaka sita tangu Aprili 2000, hivyo magari mengi ya miaka ya karibuni yana vishikizo vya Isofix hata kama mwenye gari hajawahi kuvigusa. Vinapatikana kwa kupapasa kwa vidole mahali mgongo wa kiti cha nyuma unapokutana na kitako. Kwa kuwa magari hayo mengi hayana swichi ya kuzima mfuko wa hewa wa abiria, nafasi ya kiti cha mtoto ni nyuma.

Bei ya viti vipya ni kikwazo kwa familia nyingi. Mwenye fedha za kiti kimoja tu baada ya kile cha uchanga atapata faida ndefu zaidi akichagua kinachotazama nyuma hadi uzito mkubwa kuliko kile kinachomgeuza mtoto mapema.

## Wakati wa kumgeuza

Mtoto huwa amekimaliza kiti chake cha kutazama nyuma anapofikia kikomo chochote kati ya hivi: uzito ulioandikwa kwenye lebo, urefu ulioandikwa kwenye lebo, au kichwa kufika ukingoni mwa kiti. Kimoja kikifika kinatosha. Kugusa mgongo wa kiti cha gari kwa miguu si kikomo, wala sikukuu ya kuzaliwa si kikomo. Akiwa bado chini ya miaka minne, jambo la kwanza kutafuta ni kiti kikubwa zaidi kinachotazama nyuma. Kisipopatikana, afungwe katika kiti chenye mikanda yake kinachotazama mbele, si katika kiti cha kuinulia.

## Tazama pia

* Mkanda wa usalama
* Mfuko wa hewa
* Usalama barabarani
* Uti wa mgongo